Gego la chini limeoza na linatoa usaha: ling'olewe, lisafishwe mizizi, au liwekwe la bandia?

MKAZI WA SEGEREA (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu gego langu la chini upande wa kulia, lile kubwa la kwanza ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Lilitoboka zamani, likazibwa, kisha kizibo kikatoka pamoja na kipande cha jino. Kwa majuma kadhaa liliuma usiku kiasi cha kunikosesha usingizi, hasa nilipojilaza, na sikuweza kunywa maji baridi wala chai ya moto kwa upande huo. Baadaye maumivu yakakoma yenyewe. Sasa kwenye ufizi chini yake pameota kijipu kidogo ambacho hupasuka, hutoa usaha wenye ladha mbaya, hupotea, kisha hurudi, na nikilitafunia jino hilo ninahisi kama limenyanyuka kuliko wenzake.

Nimepata maoni mawili yanayopingana. Katika kituo cha kwanza mhudumu alilitazama kwa kioo, akaniandikia antibayotiki, akaniambia nirudi kung'oa uvimbe ukiisha. Katika kliniki ya pili nimeelezwa kwamba haifai kabisa kuling'oa, kwamba lisafishwe mizizi na kuvishwa kofia, yaani gamba gumu la kulifunika, na kwamba kama itabidi liondoke basi niwekewe kipandikizi, yaani jino la bandia la kufungwa kwenye mfupa, mara moja, kwa sababu pengo litayaharibu meno yote yaliyobaki. Gharama niliyotajiwa inazidi mshahara wangu wa miezi kadhaa. Naomba wenye ujuzi au uzoefu wanisaidie kutambua nani kati yao ana hoja, na kama ni kweli kwamba mtu aking'oa gego moja ni lazima alirudishie. Naomba kuwasilisha.

JIRANI WA POSTA

Pole sana dada. Mimi niliwahi kuwa na hali inayofanana na hiyo. Nilinunua amoksilini na metronidazoli duka la dawa, uvimbe ukanywea na maumivu yakaisha, na sikurudi tena hospitali. Ningekushauri umalize dozi kwanza, kwani huenda usihitaji hata kung'oa. Madaktari wengine wana haraka sana ya kushika koleo.

MJUKUU WA PEMBA

Dada, wakati ukingojea tiba, mafuta ya karafuu husaidia. Chovya pamba kidogo, ikamue, kisha iweke ndani ya tundu la jino kwa muda mfupi, bila kuimwaga kwenye ufizi kwa sababu inachoma. Huku kwetu wazee wametumia hivyo tangu enzi na enzi. Sisemi kwamba inaponya, nasema inatuliza. Tafadhali usikubali ushauri wa kutia maji ya betri, petroli au ugoro kwenye jino. Nimeshuhudia mtu aliyeungua ufizi na ulimi, na jino lake likabaki bovu vilevile.

TABIBU MSTAAFU

Dada Mkazi wa Segerea, pole kwa maumivu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikuwa katika idara za kinywa na meno za hospitali za umma, na maelezo yako yanafanana na ya wagonjwa wengi niliowahudumia, hata kwa mpangilio wake. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa maswali uliyoyauliza yameunganishwa ilhali kila moja lina jibu lake.

Jino linapotoboka, vijidudu huingia taratibu hadi kwenye kiini, yaani ile sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini huvimba, lakini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, na hiyo ndiyo sababu maumivu yake huwa makali namna ile na huzidi mtu anapolala, kwa kuwa shinikizo la damu kichwani huongezeka. Hatimaye kiini hufa. Kikishakufa hakihisi tena baridi wala moto, na mgonjwa hudhani amepona, kumbe uozo umeshuka hadi kwenye mfupa unaozunguka ncha za mizizi. Kijipu chako ni mdomo wa njia ambayo usaha umejitoboa ili utoke. Maadamu njia hiyo iko wazi, shinikizo huwa dogo na maumivu hupungua. Ikiziba, shavu linaweza kuvimba ndani ya siku moja au mbili.

Hapa niseme na ndugu Jirani wa Posta, kwa heshima. Antibayotiki hufika mahali kwa kubebwa na damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita. Dawa hupunguza vijidudu vilivyotapakaa kwenye nyama na mfupa wa jirani, kwa hiyo uvimbe hunywea, lakini vile vilivyomo ndani ya mizizi hubaki salama, vikingoja dozi iishe. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili asipewe antibayotiki kwa maumivu ya kiini cha jino wala kwa jipu lililokaa mahali pamoja, iwapo anaweza kupata tiba ya jino lenyewe. Dawa hizo ziwekwe kwa ajili ya yule mwenye homa, aliyelegea mwili, au ambaye uvimbe wake unasambaa. Kama uvimbe wako umenywea na hukurudi hospitali, ningekuomba upige picha ya jino hilo, maana ukimya wake hauthibitishi kwamba limepona. Na kwa kuwa umetaja metronidazoli, wanaoitumia huagizwa wajiepushe na pombe hadi dozi iishe na siku kadhaa baadaye.

Ndugu Mjukuu wa Pemba yuko sahihi kuhusu karafuu. Kiungo chake kikuu, yujenoli, hutumika pia kliniki, kikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki, kutengeneza kizibo cha muda. Hata hivyo, kwa jino ambalo kiini chake kimekwisha kufa, karafuu haina cha kutuliza ndani ya tundu, kwa kuwa maumivu yaliyobaki yanatoka kwenye mfupa.

Chimbuko la uozo huondolewa kwa njia mbili tu: ama jino lote litolewe, ama lifunguliwe, mizizi isafishwe na kuzibwa kabisa. Wale wawili waliokupa maoni tofauti wote wametaja tiba halali. Tatizo ni kwamba wa kwanza alihukumu bila kupiga picha, na wa pili, kwa jinsi ulivyoeleza, ameharakia kipandikizi kabla ya kukueleza kama jino lenyewe linafaa kuokolewa.

Ili kujua kama linafaa, unahitaji majibu kutoka katika picha ya eksirei na katika kulitazama jino lenyewe. Je, mizizi ni mizima au ina ufa? Je, mfupa unaoishika umebaki kiasi gani? Na swali ambalo wagonjwa hawalijui, lakini ndilo huamua mara nyingi: je, baada ya kuondoa uozo wote, kutabaki ukuta wa jino usio na uozo wenye kimo cha angalau milimita 2 hivi juu ya ufizi, kuzunguka pande zote? Kofia ya jino hushika kwenye ukuta huo. Kama upande mmoja umevunjika hadi chini ya ufizi, mizizi inaweza kusafishwa kwa ustadi mkubwa na bado kofia ikang'oka au mzizi ukapasuka baada ya muda mfupi, na fedha zikawa zimepotea. Mwulize daktari wako swali hilo kwa maneno hayohayo.

Kuhusu usafishaji wa mizizi, ambao wengi huuita ruti kanali, msiuogope kwa sababu ya masimulizi. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, jino huzungukwa na kipande cha mpira ili mate yasiingie, kisha hufunguliwa kwa juu. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi 2 na mifereji 3, wakati mwingine 4, na kila mfereji husafishwa kwa sindano laini za kukwangua na kuoshwa kwa dawa ya hipokloraiti ya sodiamu, kisha hujazwa utomvu mgumu uitwao gutapacha. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa siku moja au kuhitaji kurudi mara kadhaa, hasa palipo na usaha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya asilimia 86 na 93 ya meno yaliyotibiwa hivyo yalikuwa bado yamo kinywani katika vipindi vya miaka 2 hadi 10. Lakini gego lililosafishwa mizizi likaachwa na kizibo kikubwa tu bila kofia huwa katika hatari zaidi ya kupasuka, kwa sababu linabeba mzigo wa kutafuna likiwa limepungukiwa kuta. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza ya mizizi na ya kofia kwa pamoja. Wapo wanaolipia nusu ya kwanza, wakaishiwa, na jino likavunjika kabla ya nusu ya pili.

Jambo la mwisho kwa leo, na nawaomba wote wanaosoma walizingatie. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ulimi ukainuliwa, ukashindwa kumeza mate, sauti ikabadilika, mdomo ukashindwa kufunguka, au ukapumua kwa shida, usingoje asubuhi na usiende duka la dawa. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Uambukizi wa sakafu ya kinywa wa namna hiyo ulielezwa na daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na hata leo huua watu kwa kuziba njia ya hewa, na chanzo chake cha kawaida ni gego la chini lililooza, kama hilo lako. Sikutishi dada, kijipu kidogo kinachotoka usaha hakimaanishi kwamba umefika huko, ila kinamaanisha kwamba jambo hili lina kikomo cha kusubiri.

BABA ZUHURA

Shikamoo daktari, na ahsante kwa maelezo. Nina maswali mawili. La kwanza, mama yangu ana kisukari na anatumia pia dawa ya kuzuia damu kuganda, na ana jino la juu lililooza. Ameambiwa na majirani kwamba mwenye kisukari hang'olewi jino, na kwamba kung'oa jino la juu huharibu macho. La pili, je, ni kweli kwamba jino haling'olewi likiwa limevimba? Maana kila tunapokwenda tunarudishwa na dawa.

TABIBU MSTAAFU

Marahaba ndugu yangu. Mwenye kisukari hung'olewa jino, tena kuchelewa ndiko kunakomdhuru, kwa kuwa uambukizi hupandisha sukari na sukari iliyopanda huchelewesha kupona. Kinachotakiwa ni kupima sukari kabla, aende asubuhi akiwa amekula na ametumia dawa zake kama kawaida, na amweleze mhudumu hali yake mapema. Dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Wapo walioacha dawa hiyo kwa ajili ya jino wakapata kiharusi. Daktari wa meno atapima jinsi damu inavyoganda, atashauriana na daktari wake, na mara nyingi jino hutolewa bila kusimamisha dawa, kwa kushona na kukandamiza tundu. Vilevile ataje kama aliwahi kuwekewa vali bandia ya moyo, kwa sababu watu hao hupewa antibayotiki kabla ya kung'olewa, au kama anachomwa au anameza dawa za kuimarisha mifupa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huzuia mfupa wa taya kupona.

Habari ya macho haina ukweli. Mishipa ya fahamu ya meno ya juu na ile ya kuona ni tofauti, na kung'oa jino hakumpofushi mtu. Uambukizi wa jino la juu, hasa chonge, ndio unaoweza kupanda hadi kuvimbisha kope, na kwa hiyo hofu hiyo humfanya mtu aliache jino ambalo lingepaswa kutoka.

Kuhusu uvimbe, kusubiri si kanuni. Ni kweli kwamba ganzi hufanya kazi kwa udhaifu mahali penye usaha, kwa sababu nyama iliyoambukizwa huwa na asidi zaidi, na ni kweli kwamba mdomo usiofunguka humzuia daktari kufikia jino. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi ganzi inaweza kuchomwa mbali na uvimbe, kwenye shina la mshipa wa fahamu, jino likatolewa na usaha ukatoka kwa njia hiyohiyo. Inaposhindikana, kinachofaa ni kupasua jipu na kutoa usaha siku hiyo, na kupanga tarehe ya karibu ya kulimaliza jino. Kumrudisha mtu nyumbani mara kwa mara na pakiti ya vidonge si tiba.

MWALIMU WA LIKONI

Nawaamkua nyote kutoka Mombasa. Naongeza uzoefu wangu kuhusu pengo, kwani dada ameuliza na bado halijajibiwa. Mimi niling'olewa gego la chini upande wa kushoto miaka mingi iliyopita, na sikuweka kitu. Nala mihogo, nala nyama, nala mahindi ya kuchoma bila taabu. Mke wangu naye aling'olewa magego mawili yaliyofuatana pamoja na la mbele yake, akatengenezewa meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Yalimsumbua mwanzoni, yakamchubua ufizi, akarudi yakapunguzwa kidogo, na sasa huyavaa anapotoka na huyavua anapolala. Hoja yangu ni kwamba sisi wawili hatukuwa na haja moja, na lau tungeuziwa dawa moja, mmoja wetu angetupa pesa.

MKAZI WA SEGEREA

Nawashukuru wote. Daktari, nimepiga picha hospitali ya rufaa ya mkoa, na daktari wa pale ameondoa uozo laini na kuchungulia. Mizizi haina ufa na mfupa wa kando ni mzuri, lakini ukuta wa upande wa ulimi umevunjika chini ya usawa wa ufizi. Nilipomwuliza swali lako la milimita 2, alitabasamu, akaniambia kwamba jibu ni hapana kwa upande huo. Amesema kuna upasuaji wa kushusha ufizi na mfupa ili ukuta uonekane, lakini kwa gego langu ungekaribia mno njia panda ya mizizi, yaani mahali inapoachana, na yeye hangenishauri. Kwa hiyo amependekeza ling'olewe. Naomba sasa nielewe kuhusu kurudishia. Ile kliniki ya pili ilinitia hofu kwamba meno mengine yatahama.

TABIBU MSTAAFU

Daktari huyo amekupa sababu unayoweza kuipima mwenyewe, nami nakubaliana naye. Usaha unaweza kutibika katika jino kama hilo, lakini hakuna pa kusimamishia kofia.

Kuhusu meno kuhama, kuna ukweli ndani yake uliotiwa chumvi. Jino lililo nyuma ya pengo linaweza kuinamia mbele, na jino la juu lililokuwa likikutana na lile lililotoka linaweza kushuka. Hutokea kwa baadhi ya watu, kwa viwango tofauti, na mara nyingi kwa kiasi kidogo, hasa kwa mtu mzima ambaye meno yake ya jirani yana mfupa imara. Mwaka 1981 daktari wa Nijmegen nchini Uholanzi, Arnd Käyser, alionyesha kwamba watu wengi hutafuna vizuri hata wakiwa wamepungukiwa magego ya nyuma. Hoja hiyo ilipimwa pia hapa kwetu Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, nao ukaona kwamba wenye magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walikuwa na uwezo wa kutosha wa kutafuna, ilhali waliobakiwa na meno machache zaidi ya hayo walipata shida, hasa kwa vyakula vigumu. Mwalimu wa Likoni na mkewe wameangukia pande mbili za mpaka huo, na ndiyo maana haja zao zilitofautiana.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza urudishie kwa kitu gani, hesabu una meno gani. Kama gego la pili la upande huohuo lipo na linakutana na la juu, na upande wa kushoto uko kamili, kuacha pengo ni uamuzi unaokubalika kitabibu, mradi lichunguzwe kila unapokwenda kupimwa meno. Kama lilikuwa tegemeo lako la mwisho la kutafunia, hali ni nyingine.

Ukiamua kurudishia, njia ni tatu. Meno ya bandia ya kuvua na kuvaa ndiyo nafuu kuliko yote, na yanaweza kutengenezwa hata baadaye sana. Huoshwa kila siku, huvuliwa usiku ili ufizi upumzike, na kwa jino moja la nyuma watu wengi huishia kuyaacha kabatini. Hilo nalisema kwa kuwa nimeliona mno. Daraja huwekwa kwa kuyachonga meno mawili ya jirani na kuyavisha kofia zinazobeba jino la katikati. Ni zuri endapo majirani hao tayari ni mabovu na yanahitaji kofia, lakini kuchonga meno mawili mazima ili kuziba pengo moja ni jambo ambalo mimi binafsi nilisita kulifanya maisha yangu yote ya kazi. Njia ya tatu ni kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya, kisha jino hujengwa juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyemwekea mtu wa kwanza vipandikizi vya namna hiyo mwaka 1965, baada ya kugundua kwamba mfupa hushikamana na titani moja kwa moja. Kipandikizi hakiyagusi meno ya jirani na kinaweza kudumu miaka mingi sana, lakini huhitaji mfupa wa kutosha, kwa kawaida miezi 3 hadi 6 ya kungoja mfupa ushike, usafi wa kudumu, na mamilioni ya shilingi. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza uwezekano wa kushindwa.

Jambo moja katika maneno ya kliniki ile lina msingi: baada ya jino kutoka, mfupa wa mahali pale husinyaa. Unaweza kupoteza takriban nusu ya upana wake ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo mtu mwenye nia thabiti na uwezo wa kuweka kipandikizi anafaa aseme kabla ya kung'olewa, ili jino litolewe kwa uangalifu bila kuvunja ukuta wa mfupa, na tarehe ipangwe. Hilo halimaanishi kiwekwe siku ileile. Mahali penye usaha, madaktari wengi hupendelea kuacha parudi hali nzuri kwa majuma au miezi kadhaa kwanza. Na mfupa ukisinyaa, mara nyingi kipandikizi bado huwezekana, ila huenda ukahitaji kuongezewa mfupa kwa gharama ya ziada. Kama fedha hizo zingepatikana kwa kukopa, au kwa kuacha ada ya shule ya mtoto, pengo lako si dharura.

MJUKUU WA PEMBA

Naomba pia daktari aeleze masharti ya baada ya kung'oa, maana huku kila mtu ana yake. Wengine husukutua maji ya chumvi ya moto saa ileile.

TABIBU MSTAAFU

Saa ileile ni kosa, hata kama maji ni ya chumvi. Pamba au bandeji iumwe kwa nguvu kwa dakika 30 hadi 60 bila kuchungulia kila mara. Bonge la damu linalojaa kwenye tundu ndilo hatua ya kwanza ya kupona, kwa hiyo kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, na usiligusie ulimi wala kijiti. Sigara iachwe kwa siku kadhaa angalau. Kula chakula laini kisicho cha moto, tafunia upande mwingine, na meno mengine yaendelee kupigwa mswaki. Baada ya saa 24 ndipo maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanafaa, kwa kuyazungusha taratibu mara kadhaa kwa siku. Kwa maumivu, parasetamoli au ibuprofeni hutosha wengi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asitumie ibuprofeni wala diklofenaki bila kumwuliza daktari. Aspirini isipakwe kwenye ufizi kamwe.

Maumivu ya siku mbili za mwanzo, yakipungua kila siku, ni ya kawaida. Yakianza upya siku ya 2 hadi ya 4, yakawa makali, yakaelekea sikioni na kinywa kikatoa harufu, huenda bonge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Hali hiyo huitwa tundu kavu, na haihitaji antibayotiki. Rudi ulikong'olewa, tundu litaoshwa na kuwekwa dawa, na nafuu huja mapema.

MKAZI WA SEGEREA

Ahsante daktari, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nimehesabu kama ulivyoelekeza: gego la pili la upande huo lipo na linakutana na la juu, na upande wa kushoto umekamilika isipokuwa jino la mwisho ambalo halikuota. Nimemweleza daktari wa hospitali ya mkoa kwamba sitaweka kipandikizi wala daraja kwa sasa, naye ameandika kwenye kadi yangu kwamba jino la juu lipimwe kila nitakapohudhuria. Amenipa nafasi ya kung'olewa wiki hii, bila antibayotiki, kwa kuwa sina homa wala uvimbe unaosambaa. Swali langu la mwisho: je, kijipu kwenye ufizi kitahitaji kukatwa peke yake?

TABIBU MSTAAFU

Hapana, kwa kawaida hakihitaji kukatwa. Chimbuko likishatoka, daktari akaikwangua nyama mbovu iliyo chini ya tundu, njia ya usaha hujifunga yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita mwezi na bado inatoa majimaji, rudi ukapigwe picha tena, kwa sababu huenda ncha ya mzizi imebaki au gego la jirani nalo lina tatizo.